Kuzalisha Buibui wa Mlango: Mwongozo kwa Shule na Maboma ya Kisii na Nyamira

Wako buibui wasiotandika utando wao hewani. Huchimba shimo ardhini, wakalitanda hariri ndani tangu chini hadi mdomoni, kisha wakatengeneza kifuniko cha udongo uliochanganywa na hariri, chenye bawaba upande mmoja. Kikifungwa, kinafanana na ardhi inayokizunguka, na mtu hupita juu yake bila kujua. Hao ndio buibui wa mlango. Wengi wao ni wa familia ya Idiopidae, ambayo ina aina zake Kenya.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa sayansi, mwanafunzi wa chuo, au kijana mwenye shamba na subira anayetaka kujaribu kuwazalisha. Ni kazi ndefu. Ukitafuta cha kuuza kufikia mwisho wa mwaka, fuga kuku. Ukitaka kumjua kiumbe ambaye wachache sana Afrika Mashariki wamemtazama kwa karibu, endelea kusoma.

Ushauri wangu mkuu nautoa mapema kwa sababu hatua zote zinaufuata: usimng'oe jike mkubwa kwenye shimo lake. Mwache kwenye ukingo wa udongo alikochimba, umletee dume hapo hapo. Wa kufugwa ndani ni watoto.

## Kwa nini jike asihamishwe

Jike huchimba shimo akiwa mdogo na hukaa humo maisha yake yote, akilipanua kadiri anavyokua. Aliyekomaa akitolewa, mara nyingi hushindwa kuchimba upya. Hukaa juu ya udongo akikauka na kudhoofika hadi afe. Ukiangalia shimo lililobomolewa kwa jembe utaona hasara yake: hariri ya tabaka juu ya tabaka, kazi ya miaka, imechanika vipande.

Na miaka yenyewe ni mingi. Huko Australia Magharibi, mtafiti Barbara York Main alianza kufuatilia buibui wa mlango wa aina ya *Gaius villosus* mwaka 1974, kila shimo likiwa na namba yake. Jike wa shimo namba 16 aliishi humo miaka 43. Mwaka 2016 alikutwa hayupo, na kifuniko chake kikiwa kimetobolewa na nyigu anayewinda buibui. Si kila aina huishi hivyo, lakini kwa jumla buibui hawa huchukua miaka kadhaa kukomaa. Ukiua jike mmoja, ukingo huo hautampata wa kuchukua nafasi yake msimu ujao.

Dume ni kinyume chake. Akijivua gamba mara ya mwisho huacha shimo lake na kutembea kutafuta majike, kwa kawaida wakati wa mvua, na baada ya hapo hubaki na maisha ya miezi tu. Kwa hiyo kalenda yako itapangwa na dume, wala si wewe.

## Kabla ya kushika tochi: kibali

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haiwalindi ndovu na simba pekee. Mnyama yeyote wa porini wa asili ya Kenya ni wanyamapori, mdudu na buibui wakiwemo. Aprili 2025 Wabelgiji wawili wenye umri wa miaka 19 walikamatwa Naivasha wakiwa na malkia wa sisimizi wavunaji wapatao 5,000 ndani ya vijichupa. Mwezi uliofuata mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA iliwatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au mwaka mmoja gerezani. Wengine wawili, mmoja wao Mkenya, walipewa adhabu hiyo hiyo.

1. Mpige picha buibui au kifuniko chake bila kukigusa. Andika mahali, tarehe na aina ya udongo.
2. Wasiliana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, kwa wataalamu wa wanyama wasio na uti wa mgongo, wakusaidie kumtambua.
3. Nenda ofisi ya Shirika la Wanyamapori, KWS, ueleze unachotaka kufanya na kuuliza kibali kinachohitajika.
4. Kama ni utafiti wa shule au chuo, omba pia leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na uulize Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, Naivasha, kuhusu taratibu zake.
5. Pata ruhusa ya mwenye ardhi. Ukingo wa barabara nao una mwenyewe.

ONYO. Mtu akikuandikia akiomba "vielelezo" kwa pesa, usimjibu kwa kutuma hata mmoja. Buibui wakubwa wa Afrika Mashariki, kama *Pelinobius muticus* wa Kenya na Tanzania, wana soko kwa wafugaji wa ng'ambo, na anayekamatwa kwanza ni yule aliyechimba.

## Waambie majirani

Jambo hili halimo katika vitabu vya ufugaji, lakini kwetu lina uzito. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani, kaunti ya Kisii, kwa kushukiwa uchawi. Mtu anayezunguka usiku kwenye kingo na tochi, akirudi nyumbani na vikopo vyenye wadudu, anaweza kuzua maneno, na maneno yakishaanza hayakamatiki. Na yanayemgeukia huenda asiwe wewe kijana. Akawa nyanya yako anayeishi peke yake nyumba ya pili.

Kwa hiyo fanya kazi hii kwa uwazi. Ipeleke shuleni kama inawezekana, chini ya chama cha sayansi. Mwambie mzee wa kijiji na chifu. Waite watoto wa jirani waje watazame buibui akilishwa. Wakishaona, watawaeleza wazazi wao vizuri kuliko wewe. Usitembee usiku peke yako.

## Kulitambua shimo

Tafuta kwenye ardhi iliyosimama au kuinama: kingo za barabara za zamani, matuta ya migomba yasiyolimwa, sehemu zenye kuvumwani na kivuli. Eneo lililopigwa dawa au kulimwa kila msimu halifai kupotezea muda.

Mchana utaona mstari mwembamba wa duara au nusu duara, kama ukucha uliobonyezwa kwenye udongo. Usiku, ukimulika kwa mwanga hafifu kutoka pembeni, utaona kifuniko kimeinuliwa kidogo na ncha za miguu ya mbele zimetokeza ukingoni. Hapo anawinda. Nyenje akipita karibu, kifuniko hufunguka, miguu inamdaka, na kifuniko kinafungwa kabla hujajua ulichokiona.

Shimo kubwa lililo wazi, lisilo na kifuniko, huenda ni la buibui nyani. Huyo ni mwingine, na baadhi ya aina zake huuma vibaya. Mwache.

Usikifungue kifuniko kwa kisu wala kijiti. Jike hukishikilia kwa ndani kwa meno na kucha, na ukishindana naye bawaba hukatika.

## Kuandaa ukingo

Ukingo mmoja wenye mashimo matatu au manne unatosha. Watoto wa buibui hawa hawaendi mbali na mama yao, kwa hiyo mara nyingi utakuta mashimo madogo yakizunguka kubwa.

1. Weka alama kando ya kila shimo: kijiti chenye namba, umbali wa kiganja. Usitumie rangi.
2. Chora ramani kwenye daftari, ukipima kila shimo kutoka kwenye jiwe au mti usiohama.
3. Pima upana wa kila kifuniko kwa rula, bila kukigusa. Kinavyopanuka mwaka hadi mwaka ndivyo utakavyojua nani anakua.
4. Zungushia uzio mwepesi wa vijiti ili mbuzi na ng'ombe wasikanyage. Kuku wasifike kabisa.
5. Usifyeke majani ya juu. Ukingo ukipigwa jua ukikauka, watoto ndio wa kwanza kufa.

Jike hahitaji kulishwa sana ukingoni. Wiki chache kabla ya msimu wa madume, mwekee nyenje au mende mdogo karibu na kifuniko mara moja kwa wiki. Jike aliyeshiba humvumilia dume zaidi.

## Mtungi: kwa watoto, na kwa dharura tu

Zipo hali ambazo huna budi kumhamisha: trekta linakata ukingo kesho, au mvua imeuporomosha. Mtungi huo huo ndio utakaowafaa watoto wakiongezeka umri.

Udongo mwekundu wa kwetu ni zawadi kwa kazi hii. Una kina, unapitisha maji, na ukishindiliwa haubomoki. Uchukue pale pale alipotoka buibui. Usichukue wa shamba la kahawa au nyanya lililopigwa dawa, wala uliotiwa mbolea.

1. Kata sehemu ya juu ya mtungi wa lita 20. Toboa matundu madogo chini, kisha weka kokoto kimo cha vidole viwili.
2. Chambua udongo kwa mkono. Toa tandu, sungusungu na mizizi inayooza.
3. Ujaribu: ufinye kwenye ngumi. Ukishikamana bila kudondosha maji, uko sawa.
4. Uweke kwa tabaka za sentimita tano, ukishindilia kila tabaka kwa ngumi, hadi kina cha sentimita 25 au 30.
5. Uinamishe upande mmoja uwe juu. Buibui wa ukingoni hupenda mteremko.
6. Simika mrija kwenye kona hadi karibu na chini. Maji utayapitisha humo, ili unyevu utoke chini bila kuloanisha uso wote.
7. Toboa kishimo cha kuanzia kwa kijiti, kwa mshazari, kina cha sentimita tano, upana wa mwili wa buibui.
8. Tawanya kuvumwani na udongo tifutifu juu. Atavitumia kupamba kifuniko.
9. Funika kwa wavu mgumu, si kitambaa cha kutatuka.

Mtungi uuweke kwenye chumba chenye kivuli, mbali na jikoni. Moshi wa kuni, dawa ya mbu ya kuwasha na ile ya kupuliza vinaweza kumuua. Joto la kawaida la Kisii, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, halihitaji taa wala jiko. Upande wa Borabu kuna baridi zaidi; usiuweke mtungi sakafuni usiku wa Julai.

SIAFU. Nimewapa siafu nafasi yao wenyewe kwa sababu usiku mmoja wanamaliza kazi ya miaka. Weka mitungi juu ya meza, na kila mguu wa meza uwe ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo juu. Hakikisha meza haigusi ukuta, na hakuna kamba, pazia wala jani linaloning'inia hadi juu yake. Kagua makopo kila jioni wakati wa mvua, maana ndipo siafu huhama.

## Kumpata dume, na kumjua

Anza kuangalia mvua za kwanza za Machi, kisha tena zile za Septemba hadi Novemba. Madume huanguka kwenye ndoo, mitaro na mashimo ya choo yanayochimbwa. Vikopo vilivyofukiwa hadi mdomoni karibu na ukingo vitakusaidia, ila vitoboe chini visijae maji, na uvikague kila asubuhi. Usipoweza kuvikagua siku fulani, vifunike.

Dume aliyekomaa ana miguu mirefu na myembamba kuliko jike. Mbele, kando ya mdomo, ana viungo viwili vifupi vinavyofanana na miguu. Ncha za viungo hivyo zimevimba, nazo ndizo zinazobeba mbegu. Kwa aina nyingi, miguu ya mbele ina miiba au kulabu za kuyazuia meno ya jike. Asiye na ncha zilizovimba ni jike au mtoto, mrudishe ulipomtoa.

Mweke kwenye kopo lenye udongo wenye unyevu na pamba iliyoloa. Usimkawize.

## Siku ya kuwakutanisha

Chagua jioni ya utulivu, baada ya mvua, ukingo ukiwa umeloa lakini hautiririki.

1. Hakikisha jike anakula. Akiwa ameziba kifuniko kwa hariri na kukataa chakula, huenda anajivua gamba. Ahirisha.
2. Mlaze dume polepole sentimita 20 hivi kutoka shimoni, upande wa chini wa mteremko. Usimdondoshe juu ya kifuniko.
3. Kaa kimya, tochi yenye mwanga hafifu, brashi laini mkononi.
4. Dume akigusa nyuzi za mdomo wa shimo, ataanza kupiga ardhi kwa miguu ya mbele na kutetemeka. Anabisha hodi. Hapo usifanye lolote, hata akikaa saa nzima.
5. Jike akiwa tayari, hufungua kifuniko na kutoka nusu. Dume humwinua kwa miguu ya mbele na kufikisha viungo vyake chini ya tumbo la jike. Tendo lenyewe huweza kumalizika haraka.
6. Dume akirudi nyuma, mwachie njia. Usisimame alikoelekea.
7. Jike akimrukia kwa meno wazi mwanzoni, watenganishe kwa brashi. Jaribu tena siku nyingine.
8. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, na ulichokiona kwa macho yako. Usiandike "walipandana" kama uliona wamegusana tu.

Dume akiwa mzima, mpe siku kadhaa za kupumzika, kisha umpeleke kwa jike wa pili.

Hapa pana jambo linalowavunja wengi moyo. Jike huhifadhi mbegu za dume ndani ya mwili wake, lakini akijivua gamba kabla ya kutaga, mbegu hizo hutoka pamoja na gamba. Ukikuta amesukuma gamba tupu nje ya shimo baada ya kupandwa, kazi inaanza upya. Si kosa lako wala lake.

## Kungoja

Jike aliyepata mayai huufunga mlango na kukaa kimya kwa wiki au miezi. Mfuko wa mayai uko ndani pamoja naye. Hamu ya kuchimba utazame itakujia, izuie. Endelea kulinda unyevu na uzio. Watoto wakitoka kwenye mayai, hukaa na mama shimoni kwa muda, kisha huondoka ardhi ikilainishwa na mvua.

Ukiona vishimo vyenye vifuniko vidogo kuliko punje ya mtama karibu na shimo la mama, umefaulu. Wengi wao waache hapo hapo. Chukua wachache tu, kwa idadi iliyotajwa kwenye kibali, na umchukue kila mmoja pamoja na donge la udongo wake ukitumia kijiko.

## Kulea watoto

Kila mtoto na kikopo chake. Ukiwaweka pamoja watalana.

Chakula cha kwanza kiko tele kwetu: vijinzi vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Weka ndizi iliyopondwa ndani ya chupa ya jemu, iache wazi siku mbili vijinzi viingie, kisha ufunge mdomo kwa kitambaa. Baada ya wiki mbili hivi utakuwa na kizazi kipya. Mchwa vibarua wanafaa pia, lakini mchwa askari ana taya zinazoweza kumjeruhi mtoto. Kumbikumbi watolewe mbawa kwanza, na wapewe waliokua kidogo.

- Lisha mara moja au mbili kwa wiki. Tumbo likiwa limejaa, ngoja.
- Toa mabaki kesho yake. Yakioza huleta ukungu na utitiri.
- Aliyeziba mlango usimpe chakula. Nyenje aliyebaki humo anaweza kumtafuna akiwa laini baada ya kuvua gamba.
- Miguu ikijikunja chini ya mwili, amekaukiwa. Tia maji kidogo kwenye udongo wake, umwekee na tone karibu.
- Usichukue wadudu wa sukuma wiki au nyanya zilizopigwa dawa.

## Makosa yanayoua zaidi

Udongo ulioachwa tifutifu ndio wa kwanza: shimo linaporomoka, buibui anachimba tena na tena hadi nguvu ziishe. Pili ni maji mengi juu, chini pakavu. Tatu ni kuchungulia kila siku. Kila ukikifungua kifuniko, anatumia hariri kukikarabati badala ya kukua.

Na liko la kumhamishia dume wa bonde moja kwa jike wa bonde jingine kwa kuwa wanafanana. Aina tofauti za buibui hawa hazitofautishwi kwa macho ya kawaida. Tumia dume aliyepatikana karibu na ukingo wako.

## Akikuuma

Buibui wa mlango hawajulikani kuwa hatari kwa maisha ya binadamu, lakini meno yao ni makubwa na jeraha huuma. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi. Usichanje wala usifunge kamba. Maumivu yakisambaa, misuli ikikaza, ukitapika au kushindwa kupumua vizuri, nenda hospitali mara moja. Kama ni salama, beba picha ya aliyekuuma.

## Orodha ya kukagua kabla ya mvua za Machi

☐ Kibali kimetoka, nakala iko shuleni au nyumbani
☐ Mwenye ardhi, mzee wa kijiji na majirani wanajua
☐ Ramani ya mashimo na vipimo vya vifuniko viko daftarini
☐ Uzio uko imara, kuku hawafiki
☐ Makopo ya maji na mafuta yako chini ya miguu ya meza
☐ Chupa ya vijinzi vya ndizi imeanza kuzaa
☐ Brashi, tochi, kijiko na rula viko pamoja
☐ Kuna mtu wa pili anayejua kazi yote, wa kuchukua zamu ukisafiri au wanafunzi wakifunga shule

Watoto waliofika mwaka mmoja na ambao kibali hakikuruhusu uwabakize, warudishe kwenye ukingo ule ule alikozaa mama yao, mvua ikiwa imeshika, kila mmoja na kishimo chake cha kuanzia kilichotobolewa kwa kijiti. Usiwapeleke ukingo mwingine hata ukiwa mzuri zaidi. Weka namba mpya kwenye ramani, na upime vifuniko vyao pamoja na vya wengine.